Mbili Tu, Mwanangu

Shangazi yangu ni mtafiti wa maumivu ya kichwa, hasa kipandauso, kile kinachoshika upande mmoja mpaka mtu anachukia hata mwanga wa dirishani. Yeye mwenyewe tangu azaliwe hajawahi kuumwa kichwa. Bibi, mama yake mzazi, hushikwa kila mwezi, na humwambia, "Wewe unasimulia nyumba ambayo hujawahi kuingia."

"Ndiyo maana nabisha hodi, mama."

Hodi yenyewe inabishwa kwenye chumba kimoja cha hospitali ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Mgonjwa akishikwa anakuja, anapewa kidonge kipya kinachojaribiwa, analazwa gizani. Baadaye shangazi anaingia amevua viatu, anauliza kwa upole, "Kutoka sifuri mpaka kumi, sasa kinauma ngapi?"

Swali hilo alilileta mpaka nyumbani. Ukijigonga kwenye meza, kabla ya pole unaulizwa namba. Siku moja mume wake, fundi bomba mwenye sura kama mlango uliofungwa, aliangukiwa na spana mguuni.

"Ngapi?" shangazi akauliza.

"Niulize tena uone."

Mwaka huu namba zilikuwa tamu. Watu wanaingia na tisa, wanatoka na mbili. Ijumaa shangazi alitakiwa kuzipeleka kwa mkuu wa kitengo, ambaye alishasema wazi: kidonge kisipofanya kazi, mashuka yanarudi chumbani. Shangazi hakuwa na wasiwasi. Alipita sebuleni akiimba, na huwa anaimba vibaya.

Jumatatu Bibi akashikwa. Nilimkuta amejifunga kitambaa kichwani, mapazia yameshushwa, ndoo kando. Safari hii, kwa mara ya kwanza, alikubali kumeza kidonge. Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Muda ulipofika akanong'ona, "Ngapi, mama?"

"Mbili tu, mwanangu," Bibi akasema, akainamia ndoo, akatapika.

Shangazi akaiangalia ndoo. Akamwangalia mama yake.

"Mama, hiyo ndiyo mbili?"

"Ulivyonikodolea macho hivyo, nikuambie tisa ulie? Umehangaika mno na hicho kidonge." Bibi akajifuta mdomo. "Hata yule mgonjwa wako muuza mayai, akituletea mayai hapa, kaniambia hivyo hivyo. Daktari ana roho nzuri, nani atamvunja moyo? Wote tunakupa mbili."

"Wote?"

"Dereva wa lori alikupa moja. Muuza mayai kamwona ametoka chumbani kwako akajilaza kwenye benchi la nje, kajifunika shati usoni."

Shangazi alikwenda jikoni, akakaa bila kuwasha taa. Kisha akamwita mumewe.

"Kesho utavaa koti jeupe."

"Kwani bomba limepasuka hospitali?"

"Utauliza namba. Wewe hakuna atakayekuonea huruma."

Fundi alifikiri kidogo kama ametukanwa. "Nitabasamu?"

"Usithubutu."

Namba zote za zamani shangazi alizifuta, akaanza upya na wagonjwa wa wiki hiyo. Fundi alikuwa akirudi amechoka kuliko siku za mitaro. "Muuza mayai kasema saba," alitusimulia. "Nikamwangalia tu. Akasema, 'Haya basi, nane, na uniondokee hapa!'" Lakini wapo waliosema tatu bila kumwogopa, wakaomba chai, wakaenda zao wakitembea juani.

Ijumaa shangazi alimweleza mkuu kila kitu, pamoja na ndoo. Kidonge kilisaidia nusu ya watu tu, na watu wenyewe walikuwa wachache.

"Na aliyeuliza ni nani?" mkuu akauliza.

"Fundi bomba, mume wangu."

Mkuu alinuna mpaka nyusi zikagusana. Fundi bomba haruhusiwi, alisema. Chumba kibaki, kazi ianze upya, na kuanzia sasa atauliza yeye mwenyewe. "Hapa hospitali hakuna anayenipenda," alisema, na shangazi anaapa kwamba alilisema hilo kwa fahari.

Alitusimulia hayo akiwa mlangoni, mkono umeshika upande mmoja wa uso, jicho moja amelifumba. Bibi akamsogelea, akamtazama sana.

"Ngapi?"

"Mbili tu, mama."

Bibi akanigeukia. "Lete ndoo."