Tuta la Kiu na Jina la Ndinda

Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya siku ya wazi. Kasyoka Nzuki amebeba keni ya maji iliyojaa hadi mdomoni. Anapita katikati ya matuta ya maua yaliyonyauka, na hadondoshi hata tone.

"Tone moja hapa ni kesi," ananiambia mimi mwandishi wa gazeti, bila kugeuka. "Wewe pia kanyaga pole pole, na hiyo chai yako usiimwage."

Jamani, tumeishi tukaona! Mtunza bustani anayelipwa asinyweshe maua.

Bustani hii ya majaribio iko kando ya barabara itokayo mjini Machakos kwenda Mutituni. Kila mwaka hupandwa maua ya ng'ambo na ya hapa nchini, ili ijulikane ni yapi mtu wa Ukambani anaweza kuyaweka mbele ya nyumba yake yasimfie. Upande mmoja hunyweshwa. Upande wa pili, ambao wafanyakazi wanauita upande wa kiu, hauonji maji tangu mvua inapokatika mwezi wa Mei mpaka siku ya wazi, mwezi wa Agosti. Siku hiyo lango huachwa wazi, na yeyote apendaye huingia kujionea kilichopona na kilichokufa.

Kasyoka, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, ameufanyia kazi upande wa kiu tangu mwaka 1997. Anakumbuka msimu wake wa kwanza.

"Nilikuwa nalia, kweli," anasema. "Mimi nimezaliwa Katangi. Maji tulikuwa tunaenda kuchota na punda, ukirudi jua liko hapa." Anajigusa utosini. "Sasa mtu ananiambia nipite na maji nikiangalia kitu kinakufa na kiu? Nilimwambia Laban, mzee wangu, hii kazi iko na dhambi. Akaniambia, 'Mama Kalekye, dhambi ni watoto kulala njaa.' Nikarudi kazi."

Mwaka huu wa 2005 macho yake yote yako kwenye tuta namba tisa. Hapo pana maua madogo ya zambarau, yamejikunja kwa jua lakini hayajafa. Mbegu zake alizitoa yeye mwenyewe Konza, kando ya reli, wakati wa kiangazi kikali ambacho kilimaliza hata nyasi. Alizifunga kwenye pindo la leso, akamletea Carol Maundu, afisa anayesimamia majaribio.

Carol hakumcheka. Alimpa tuta la pembeni na kumweleza utaratibu: ua likivuka kiangazi bila maji hadi saa ya kutangazwa majina, siku ya wazi, mbegu zake zitagawiwa vikundi vya akina mama, na aliyelileta ndiye atakayelipa jina. Majina hutangazwa saa tisa alasiri, mbele ya wageni wote.

Jina Kasyoka analo tayari. Ni Ndinda, jina la mama yake.

Kwa asiyejua mila za Wakamba, hili linahitaji kuelezwa. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa mume, wa pili hupewa la mama wa mke. Kasyoka alijaliwa wavulana watatu na msichana mmoja tu, Kalekye, aliyepewa jina la mama yake Laban. Kisha uzazi ukafunga. Naye Kasyoka ndiye mtoto pekee wa Ndinda aliyekua akawa mtu mzima.

"Mama yangu hajawahi kuniuliza, hata siku moja," anasema. "Lakini wenzake wakikaa, huyu ana mjukuu wa jina lake, yule ana mjukuu wa jina lake. Yeye anaangalia chini. Iliniuma sana. Miaka yote hiyo, iliniuma."

Ndinda amepita miaka themanini, na mwaka jana alilazwa hospitalini kwa wiki kadhaa. Leo ameletwa kutoka Katangi kwa mara ya kwanza. Haambiwi kitu. Bintiye anataka alisikie jina lake likitajwa mbele ya watu.

Saa nne bustani imejaa. Kuna walimu, akina mama wa kanisa, vijana wa viwandani waliotoka Athi River na wachumba wao. Watu wanainama, wananusa, wanabishana. Mzee mmoja anataka kujua kama ua fulani huliwa na mbuzi. Akiambiwa haliliwi, anauliza sasa faida yake ni nini.

Ndinda anazunguka polepole na fimbo yake, kitambaa cheupe kichwani, chupa ya maji ya kunywa mkononi. Kila anayemsalimu anampa mkono na habari za nyumbani.

Wageni wanapoitwa kwenye hema la chai, yeye anabaki nyuma. Kasyoka anamaliza kumweleza mgeni mmoja jambo, anageuka kumtafuta. Mama yake amechutama kwenye tuta namba tisa, chupa ameiinamisha, maji yote yameshaingia udongoni.

"Mwaitu!" anaita, kwa Kikamba, mama yangu.

Ndinda anainua uso wenye furaha. "Nimeyapa kidogo tu. Haya yalisahauliwa, maskini. Ya kule yote yamekunywa, haya hapana. Na yako hai!"

Kibao cha kukataza kunywesha kipo hapo hapo, lakini Ndinda hakupelekwa shule. Na hata angesoma, ni nani Katangi aliyefundishwa kuona kitu hai kina kiu akapita na maji?

Kasyoka anamshika mama yake mkono, anampeleka kwenye kivuli cha hema, anamtafutia kiti na kikombe cha chai. Kisha anarudi na kusimama mbele ya udongo ule uliolowa.

Ann, mfanyakazi mwenzake, ameona pia. Anakuja mbio, anaangaza huku na huku.

"Funika na mchanga mkavu, wewe!" ananong'ona. "Na jua hili? Nusu saa hakuna mtu atajua. Si ni mama yako tu? Huyu wa gazeti hatasema." Ananitazama. "Ama utasema?"

Kasyoka anachota mchanga kwenye kiganja. Anakaa nao hapo, amechuchumaa. Kisha anauachia njiani, mbali na tuta.

"Jina la mama yangu siwezi kulianzisha na uongo, Ann," anasema. Anajipangusa mikono na kwenda kumtafuta Carol.

Mazungumzo yao hayachukui muda. "Ni nani aliyenywesha?" anauliza Carol. "Ni mama yangu." Carol anavua kofia, anaivaa tena. "Mama Kalekye, ungenyamaza nisingejua." "Najua, madam."

Tuta lililopata maji huchomekwa kijiti chekundu na kuondolewa kwenye hesabu ya mwaka huo. Carol anakitoa kijiti, anamnyooshea Kasyoka, kisha anarudisha mkono. Anakwenda kukichomeka mwenyewe.

Saa tisa majina yanatangazwa. La Ndinda halimo. Watu wanapiga makofi, na Ndinda anapiga pia, kwa nguvu zake zote, bila kujua.

Ni wakati wa kuaga ndipo anapokiona kile kijiti. "Hii nyekundu ni ya nini? Asubuhi haikuwa." Kasyoka anashindwa kuvumilia. Anamweleza yote, Konza, leso, jina, maji, huku machozi yakimtiririka.

Ndinda anaketi pale pale chini, miguu ameinyoosha.

"Kasyoka," anasema hatimaye. "Mlitaka kulipa ua jina langu, halafu mkalinyima maji?"

Anaanza kucheka. Anacheka mpaka kitambaa kinamwanguka, na bintiye, ambaye bado analia, naye anaangua kicheko. Carol anageukia upande mwingine, anajifuta macho kwa ukosi wa shati.

Kasyoka anasema hajakata tamaa. Carol ameshamwahidi tuta lile lile. Mvua ya Machi ikinyesha atapanda upya, na safari hii atakaa na mama yake tangu asubuhi hadi jina litajwe. "Ikibidi nimfunge na leso yangu, nitamfunga," anatania.

"Na kama sitakuwepo?" anauliza Ndinda.

Kicheko kinakatika. Kasyoka anaokota kile kitambaa, anakikung'uta na kumfunga mama yake kichwani.

Ndinda haonekani kuhuzunika. Anainama hadi uso wake unakaribia yale maua ya zambarau, na kuyasemesha kama mtu anayemsalimu mtoto wa mwanawe.

"Wajina," anasema, "pole na kiu. Tungojane."