Chumvi ya Bi Zuhura na Kazi Niliyoificha

Iko siku moja ya Ramadhani ambayo bado hunijia nikiwa nimekwama kwenye foleni ya Beltway, ile barabara kuu inayouzunguka mji, mikono kwenye usukani, moyo ukikimbia kuliko magari. Nataka nikusimulie siku hiyo, mwanangu, kabla hujaanza kazi. Najua sina umri wa kukuita hivyo. Tumepishana miaka michache tu, na mama yako kule Bowie angecheka akinisikia. Lakini mlango unaokwenda kuupita nimeshaupita, na kwetu aliyetangulia hata kidogo hupewa nafasi ya kusema. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza, nijibu tu, nimeshazoea.

Mama yako ameniambia umepata nafasi kama niliyopata mimi: kampuni kubwa inakuajiri, unajifunza kazi ya kompyuta ukiwa kazini, na yenyewe inakulipia shahada ya chuo. Hongera. Nilipopata yangu nilikaa ndani ya gari nje ya jengo tunaloishi, Falls Church, nikalia kwa furaha. Kisha nikaanza kuogopa, na sijaacha vizuri hadi leo. Niliowakuta kazini walikuwa wamefundishwa na walimu. Mimi nilijifunza kuandika programu peke yangu, kwa kompyuta kuukuu na video za bure, nikirudia mpaka nielewe. Mtu aliyejifunza hivyo huishi akidhani kila anayemtazama anaiona mishono ya viraka vyake.

Kazini utakuta desturi moja. Programu uliyoandika haiingii kwenye mfumo mpaka mwenzako aisome, aandike maoni pembeni, nawe urekebishe. Na hutakiwi kungoja umalize. Unapeleka vipande vidogo, vikiwa bado vibichi. Mimi nilipewa ukurasa ambao mteja akihama nyumba anabadilisha anwani yake. Kazi ndogo. Niliikalia wiki baada ya wiki. Nilibadilisha majina ya vitu, nikayarudisha. Nilifuta, nikaandika upya. Kila asubuhi timu yetu husimama pamoja kidogo, kila mtu aseme amefikia wapi, nami nilisema, "Imebaki kidogo."

Ijumaa moja Wanjiru, Mkenya aliyepewa kazi ya kunilea pale ofisini, akanifuata mezani.

"Neema, hii 'imebaki kidogo' yako inazeeka sasa," akasema. Alikuwa anatabasamu, kisha akaacha. "Jumatatu meneja ataniuliza kama utaendelea ama utaachia hapa. Sina kitu yako hata moja ya kumwonyesha. Nitamwambia nini?"

"Nitamaliza wikendi hii."

"Sijasema umalize. Nimesema unionyeshe."

Kuachia hapo maana yake ilikuwa kupoteza kazi na chuo kwa pamoja. Na unajua nilifanya nini nilipofika nyumbani? Nilibadilisha rangi ya kitufe kimoja kwenye ukurasa ule.

Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa nimeahidi kumsaidia Bi Zuhura kuandaa futari. Bi Zuhura ni Mzanzibari anayekaa Alexandria, si mbali na kwetu, rafiki wa mama yangu tangu tulipofika nchi hii tukawa majirani. Sisi ni Wakristo, yeye ni Mwislamu, lakini hakuna Ramadhani iliyopita bila sisi kukaa kwenye mkeka wake, wala Krismasi bila yeye kukaa mezani kwetu. Nilikwenda na kompyuta begani. Nikaiweka pale pale jikoni. Namenya muhogo, naitazama. Nakata kitunguu, naitazama.

"Neema, njoo unionjee," akaita.

Bi Zuhura akifunga haonji kitu, hata kwa ncha ya ulimi. Miaka yote aliyemwonjea alikuwa mjukuu wake, lakini mwaka huo binti huyo naye alikuwa ameanza kufunga, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi. Akanidondoshea mchuzi wa muhogo wa nazi kiganjani.

"Mtamu sana, Bi Zuhura."

"Sikukuita unisifu. Chumvi vipi?"

Nikababaika. Huyu ni mtu anayeitwa kupikia harusi za watu, nami nimwambie nini? "Imepungua," nikasema, kwa sauti ndogo.

Nilimtazama usoni nikingoja aumie. Hakuumia. Alichota chumvi, akakoroga, akanidondoshea tena.

"Sasa?"

"Sasa sawa."

"Haya." Akarudi kwenye kaimati zake zilizokuwa mafutani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanangu, sijui kwa nini, machozi yakanitoka, na kitunguu nilikuwa nimeshamaliza kukata.

"Una nini wewe? Tangu uje umekaa kama mtu aliyekalia sindano."

Nikamweleza yote. Akasikiliza huku anageuza kaimati, moja moja.

"Na kwa nini humwonyeshi huyo Mkenya wako?"

"Bado ni mbaya. Watajua nimejifunza mwenyewe."

"Kwani hawajui?" Akacheka. "Si wanakulipia skuli? Nani anamlipia skuli mtu anayejua kila kitu?"

Akazima moto, akanigeukia, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nisikilize. Mie napika tangu hujazaliwa, na leo nimekuita wewe, usiyejua hata kukuna nazi, unambie chumvi. Umenambia, nimetia. Sufuria ikiwa hapa, natia. Ikishafika mkekani mbele ya wageni, sina la kufanya ila kuwatazama wanavyokula kwa adabu. Wewe unangoja mpaka ifike mkekani. Unajiambia unaogopa. Mie naona kiburi, ila wewe unakiita woga."

Nilikuwa nimeshajiita mwoga, mzembe, hata mjinga. Kiburi, hapana. Neno hilo bado naligeuza kichwani.

Nikafungua kompyuta kati ya unga na bakuli la shira ya kaimati. Nilitaka kurekebisha mstari mmoja kwanza, mmoja tu.

"Neema," akasema, bila kugeuka.

Nikapeleka kama ilivyo.

Futari sikuifaidi. Jumapili kanisani sikumbuki mchungaji alihubiri nini. Jumatatu nilipofungua, maoni ya Wanjiru yalikuwa yamejaa pembeni toka juu hadi chini, na yeye mwenyewe akaniita kwenye chumba kidogo cha mikutano.

"Hii sehemu ya kuhakikisha anwani ni ya kweli," akasema. "Uliiandika wewe mwenyewe?"

"Ndiyo." Hiyo ndiyo niliyoipenda. Ndiyo iliyokula wiki zangu nyingi.

"Iko safi. Lakini tuko nayo tayari. Iliandikwa kitambo, timu zote zinaitumia."

"Sikujua."

"Ungejua aje na hukuuliza? Ungenionyesha wiki ya kwanza, ningekuambia hapo hapo." Akafunga kompyuta yake. "Nimemwambia meneja unaendelea. Lakini kuanzia leo nataka kuona kazi yako kila jioni, ikiwa mbaya vile iko. Ukinificha tena, sitakutetea."

Nilirudi mezani nikaifuta ile sehemu kwa mkono wangu. Ilikuwa nzuri, mwanangu. Hakuna aliyeihitaji.

Usidhani nimepona. Hata sasa, kila jioni kabla ya kupeleka, naondoka kwenye kiti, nakwenda kunywa maji ambayo sina kiu nayo, narudi, nasoma tena, nasimama tena. Kisha napeleka. Zamani nilikuwa nangoja woga uondoke kwanza. Siku hizi siungoji.

Kwa hiyo ninalokuomba ni hili. Onyesha kazi yako ikiwa bado jikoni. Wakikuuliza umefikia wapi, usiseme imebaki kidogo. Sema umekwama wapi. Mwenzako naye akikuomba umwonjee yake, usimsifu ili akupende, mwambie chumvi. Na usione haya kuwa mwanafunzi mahali ulipoajiriwa uwe mwanafunzi. Siku utakayosikia ndani yako sauti inayosema subiri kwanza, bado si nzuri, ujue nami naisikia, huku upande wa pili wa Beltway, na mimi pia napeleka.

Mungu akutangulie Jumatatu hiyo unayoanza kazi. Akupe wa kukulea mwenye subira ya Wanjiru, na mtu mzima mmoja mwenye ulimi wa Bi Zuhura. Aibariki mikono yako, kichwa chako na usingizi wako, na siku ya kuvaa joho la mahafali tuje sote kukupigia vigelegele, mama yako akiwa mbele.

Haya niliyokuandikia nilitaka kukaa nayo wiki nyingine niyanyooshe. Badala yake nimempa mama yangu ayasome. Amesema ni marefu, na kwamba nimesahau kukuambia ubebe sweta, ofisi zile zina baridi hata wakati wa joto. Beba sweta.