Mnatafuta Pikipiki, Mnafungua Simu ya Mjukuu Wangu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka huwa nacheka. Leo nimeikumbuka nikiwa na hasira, na hasira hiyo utaisikia, unisamehe. Nilikuwa msichana, tunaishi Mchombe, na ulikuwa msimu wa kuvuna. Mwaka ule wezi walituonea. Mtu analima tangu mvua za kwanza, anaamia ndege mpaka sauti inakauka, anavuna, anajaza magunia, halafu anaamka anakuta yamebaki makapi. Kijiji kikakaa kikao, vijana wakachaguliwa kuwa sungusungu, wakapewa ruhusa ya kukagua nyumba zote. Hakuna aliyepinga. Nani atakataa kulindwa?

Walipofika kwetu mama alikuwa shambani. Nyumbani tulikuwa mimi na bibi yangu, Bibi Anjelina. Walipiga hodi vizuri, wakaamkia, bibi akaitika marahaba na kuwauliza wanatafuta nini.

"Magunia ya mpunga, bibi."

Bibi akanyanyuka, akawapeleka kwenye kihenge, lile ghala letu la fito na udongo. Kwetu kihenge hakifunguliwi na mgeni. Anafungua mwanamke mwenye mji, kwa mkono wake. Bibi akafungua, akawaambia wachungulie mpaka chini. Akawaonyesha jikoni, akawazungusha nyuma ya nyumba. Wakaridhika. Wangeondoka hapo nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini kiongozi wao, kijana aliyepewa rungu juzi tu na tayari anatembea kama mkuu wa mkoa, akaingia chumbani kwa mama na kuvuta kisanduku cha bati kutoka uvunguni.

Bibi akamfuata, akakaa juu ya kile kisanduku. Alikuwa mwanamke mnene, Mungu amrehemu, hakuna ambaye angemsogeza.

"Gunia la mpunga linaingia humu?" akauliza.

"Bibi, kama huna cha kuficha, unaogopa nini?"

"Hee! Basi na wewe vua suruali hiyo tuikague. Au una cha kuficha?"

Wenzake wakaangua kicheko. Yule kijana akaona aibu, akakimbilia methali. "Bibi, mficha uchi hazai."

"Kweli hazai," bibi akasema, na sasa hakuwa anatania. "Lakini uchi huonyeshwa mkunga, hauonyeshwi kijiji kizima. Umekuja kutafuta gunia, tafuta palipo na nafasi ya gunia. Humu mwanangu ameweka mambo yake. Mwizi anaficha, mjukuu wangu. Mtu mwema anasitiri. Ukishindwa kutofautisha hayo mawili, rudisha rungu la watu."

Waliondoka wakiomba radhi. Ndani ya kisanduku kulikuwa na nini? Mpaka leo sijui, na mama tumeshamzika. Ninachojua ni kwamba wezi walikamatwa muda si mrefu baadaye, kwa sababu bibi huyohuyo alikwenda kuwaambia vijana ni baiskeli ya nani aliyoiona ikipita alfajiri imelemewa na magunia. Aliwaambia kwa kuwa walimheshimu. Wangempekua kwa nguvu, angenyamaza kimya, na mpunga wetu ungeendelea kwenda.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Sasa sikiliza ya hapa Ifakara, ninakoishi siku hizi na mjukuu wangu. Tumwite Neema. Si jina lake. Jina lake mwenyewe limeshatembezwa vya kutosha. Anauza vitumbua karibu na stendi, na vitumbua vyake, nisijisifu, nilimfundisha mimi. Wizi wa pikipiki hapa mjini umezidi, hilo ni kweli, na mimi sitetei wezi. Kijana wa bodaboda akiibiwa pikipiki, wameibiwa chakula watu wa nyumba nzima. Kwa hiyo polisi na vijana wa ulinzi shirikishi wakaanza misako. Asubuhi moja wakaizingira stendi, wakawa wanamwambia kila mtu, "Toa simu, fungua." Si yule wanayemshuku. Kila mtu! Neema, mikono ina unga wa mchele, akafungua. Angefanya nini mbele ya mwenye pingu?

Aliyeipokea simu ni kijana wa ulinzi, mtoto wa jirani yetu, niliyemlisha uji kwa mkono huu. Kikulacho ki nguoni mwako. Akapekua picha, akapekua meseji, akakuta ujumbe wa kliniki unaomkumbusha Neema tarehe ya kuchukua dawa. Akausoma kwa sauti. Akacheka. Askari aliyesimama pembeni hakumkataza. Dawa za ugonjwa gani? Sikuambii, na wewe usiulize.

Kufika mchana stendi nzima ilikuwa inajua. Vitumbua vilirudi nyumbani ndani ya ndoo, vimepoa. Tarehe ya kliniki ikafika, Neema hakutoka kitandani.

"Bibi," akaniambia, "bora nife humu ndani kuliko kupanga foleni ile wakiniangalia."

Mwanangu, nimezika watu wengi, lakini maneno hayo yalinichoma kuliko msiba.

Nikajifunga kitenge, nikaenda kituoni. Mkuu wao alinipokea kwa adabu, shikamoo mama, karibu kiti. Akanieleza kwamba wezi wa siku hizi wanapanga mambo yao kwa simu. Nikamjibu: vizuri, unayemshuku mtaje, onyesha sababu, fuata sheria, kisha fungua simu yake huyo. Kufungua simu ya kila muuza vitumbua ukitumaini utakuta pikipiki ndani yake si kazi, ni uvivu uliovaa sare. Ndiyo, nilimwambia hivyohivyo, na sauti yangu ilisikika mpaka nje. Nikamwambia pia kwamba faragha ya mtu imo kwenye Katiba ya nchi hii, haikuletwa na wajukuu wanaojidai wasomi. Akasema atazungumza na vijana. Naambiwa amezungumza. Pikipiki hazijapatikana, na yule kijana ananipita barabarani akitazama ng'ambo.

Siku ya pili yake nilimshika Neema mkono tukaenda kliniki. Nilikaa naye kwenye benchi, na kila aliyemkodolea macho nilimkodolea mimi mpaka akainama. Alichukua dawa. Mwezi ujao sijui kama atakubali tena, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Sasa nisikilize vizuri. Wewe uliyevaa kizibao cha ulinzi, kamata mwizi, nami nitakupigia vigelegele. Ila kabla hujanyoosha mkono, jiulize unatafuta nini, na kama kweli kinaweza kuwa hapo unapopekua. Ukikutana na jambo lisilokuhusu, lifunike, uzikwe nalo. Na wewe unayekaguliwa, usitukane wala usikimbie, lakini uliza kwa adabu: afande, mnatafuta nini, na mna kibali gani? Kuuliza si kosa. Asikudanganye mtu kwamba ukikataa kuvuliwa nguo hadharani basi wewe ndiye mwizi.

Na ninyi mliosimama pale mkacheka, kwenu sina neno la upole. Neema akiacha dawa akafa, hatakuwa ameuawa na mwizi wa pikipiki.

Haya, wewe wa kizibao, sogea nikubariki, ingawa bado nimekasirika. Mungu akupe jicho kali la kumwona mwizi, na akupe haya ya kugeuza uso mbele ya maradhi ya mwenzako. Akulindie wanao na vyote ulivyovitolea jasho. Na siku utakapokuwa na lako la kusitiri, maana siku hiyo itafika, usiangukie mikononi mwa watu kama wewe ulivyokuwa jana, uangukie mikononi mwa mtu kama ninavyokuombea uwe leo.