Namba ya Tata

Juzi ku soko niliona mama mumoja anapimia maharagi na kofia ya zamani ya mine, ya batumishi ba mugodi, namba ya mwenye kofia ingali inaonekana. Nikacheka, kisha nikakumbuka namba ya kwetu.

Ya tata, baba yetu mwenye kutumika ku mine, ilikuwa 104 729. Muchana moja, dada yangu mukubwa, yaya Kapinga, alikuwa ananifundisha kuigawanya, tunaandika na makala ya jiko chini ku simenti. Mbili, tatu, saba, kumi na tatu: kila mara kulibaki kitu. Bukari, ugali yetu, ilikuwa inanukia ku jikoni.

"Hii inagawanyika na moja, na yenyewe tu," yaya akasema. "Hakuna ingine itaiweza."

Siku zile kartie yote, mutaa muzima, ilikuwa inaongea juu ya bantu benye bataachishwa kazi ku mine. Mi, kichwa yangu ya mbuzi, nikawaza: basi tata wetu habatamuweza.

Akaingia, kofia mu kwapa. Nikamukimbilia.

"Tata, namba yako haigawanyike! Habatakutosha ku kazi!"

Akaangalia namba ku simenti.

"Mwanangu, bale bakubwa ba mine habagawanye. Banafuta."

Namba mpaka leo haigawanyike, nilihakikisha. Sisi njo tuligawanyika, tata alipofutwa kazi: yaya akatumwa Lubudi kwa shangazi, na mi, profesere wa makala, nikatoka ku masomo.