Mguu Uliokaa Kimya

Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba rekodi za maombi ya shahada ya uzamili ya muziki husikilizwa na mashine. Mwenzangu darasani ndiye aliyenieleza, akiapa kwa nyanya yake: "Omera, ndugu yangu, ile mashine ina masikio ya paka. Ukitoka chuo kikubwa inakupitisha tu. Ukitoka huku kwetu, ikisikia kishindo kimoja, ko! Uko nje."

Nami nilitoka huko kwetu hasa. Chuo chetu cha jioni kilikuwa ghorofani, juu ya kinu cha kusaga mahindi, kidogo kiasi kwamba tukiimba sauti nne, moja ilibaki kwenye ngazi. Hata panya wa Kisumu walikuwa hawajapata habari zake.

Ala yangu ni nyatiti: nyuzi nane, kigoda kifupi, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, unayogongea ubao wa ala. Vidole vinaimba, mguu unatembea. Aliyenifundisha ni baba, nyumbani Nyalenda, kabla kiharusi hakijamchukua upande mzima wa kulia. Tangu hapo mguu wangu ndio ukawa mguu wake.

Siku ya kurekodi, nikavua pete. Nikakaa kwenye kiti kirefu kama karani wa benki, nikapiga kwa vidole peke yake, safi kama sahani ya hoteli. Baba alikuwa kitandani, nyuma ya pazia.

"Mguu uko wapi?" akauliza.

"Baba, mashine haitaki kishindo."

"Mashine ya nani hiyo? Imezaliwa wapi?"

"Ya chuo kikuu, Baba."

"Haya. Sasa vaa pete unipigie mimi."

"Nikipata nafasi, nitakupigia mpaka majirani wahame!"

Akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Mimi nikakimbilia saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kutuma maombi.

Tulimzika kabla jibu halijafika. Pale kaburini nilivaa pete, nikagonga mpaka kidole kikavimba kama kiazi kitamu. Watu walisema nimepiga vizuri. Aliyeniomba hakusema kitu.

Jibu likaja: nimekosa. Kwa muda mrefu nilimsimulia kila aliyesimama kwamba mashine ilinasa kikohozi cha kuku wa jirani, na watu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda wote. Halafu siku moja kicheko kikakataa kutoka. Nikaenda kwenye kile chuo kikuu kilichonikataa, nikamtafuta mwalimu mmoja, mama wa makamo, aliyekuwa kwenye jopo la udahili.

"Madam, mashine yenu ilisikia nini kwangu?"

"Mashine gani, bwana?" Alivua miwani. "Tulikaa watu watatu, tukasikiliza kwa masikio yetu. Chuo chako hakikumsumbua mtu. Tuliurudisha ule wimbo mwanzo tukidhani rekodi ina hitilafu, maana hatukusikia mguu."