Niliambiwa wajina wa mwanangu ni marehemu, juzi nimemkuta kwenye TV anapiga gitaa

Wakuu, poleni na majukumu. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe hapa Nyamwaga na bado yananichoma.

Juzi nilikwenda Tarime mjini kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikaingia hotelini kupata supu. Kwenye TV kulikuwa na documentary ya bendi ya rock ya Kenya iliyotamba zamani. Wanahoji mashabiki mpaka huku mpakani.

Mara namwona mke wangu.

Amekaa Sirari kwa mama yake, kwenye kiti nilichonunua mimi, anacheka kicheko ambacho sijawahi kuchekewa. Anasema, "Desmond mpiga gitaa nilimpenda, mpaka mwanangu wa kwanza nikampa jina lake."

Supu ikanishinda.

Sasa elewa, mimi niliambiwa Desmond ni mjomba wake marehemu. Mtoto alipozaliwa alilia wiki nzima, wazee wakasema wajina wake anadai heshima. Nikachinja beberu, mtoto akanyamaza. Miaka kumi na mbili namtaja marehemu Desmond kwenye sala, kumbe marehemu ana hereni na bado anapiga gitaa. Na nywele anazo, mimi zangu zimeniaga kitambo.

Nimeona wivu, sifichi. Namwonea wivu mzee ambaye hata hajui kama nipo.

Nikarudi nyumbani, sikusalimia. Nikamwambia, "Mama Desmond, leo nimemwona marehemu."

Alielewa palepale. Akaendelea kupepeta mtama wake.

"Ningekwambia ukweli ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Haya."

"Na beberu wangu?"

"Mtoto alinyamaza kwa sababu nilikuwa namwimbia wimbo wa ile bendi. Wewe ukashukuru wazee."

Nikaapa mtoto nambadilishia jina. Mke akabeba mtama wake akaingia ndani, na hilo ndilo liliniudhi zaidi.

Nilichojifunza, ukiambiwa wajina wa mtoto ni marehemu, uliza kaburi liko wapi.

Sasa nishaurini, jina nibadilishe au niache? Wa kuniambia nifukuze mke apite kimya kimya.

Maana leo asubuhi nilikuwa nakamua ng'ombe huku napiga mluzi, ule wimbo niliouzoea kwa kumsikia mke wangu akibembeleza mtoto. Nikafika kwenye kiitikio ndipo nikakumbuka ni wa nani.

Nikaumalizia.