Kiazi Kilichotoa Moshi Sebuleni Kwangu

Hamjambo wapendwa, mko wazima huko? Mimi niko mzima, lakini leo nimeitwa mchawi ndani ya nyumba yangu.

Tangu mume wangu Baba Neema afariki, sebule yetu hapa Ndalu imekuwa ikinuka dawa zake. Nimesugua, nimepaka rangi, wapi.

Juzi nikiwa Kitale, mama Mhindi wa duka la vitambaa akaniuzia udi wa vijiti. Akanifundisha: washa, puliza moto uzime, acha moshi utoke. Kijiti ukisimamishe mahali pasipoungua.

Sasa mimi sina kibao cha kusimamishia. Nikachomeka kijiti kwa kiazi.

Leo saa tisa akina mama wa maombi wakaingia wakiimba. Wakaona kiazi kinatoa moshi chini ya picha ya marehemu.

Wimbo ukakatikia mlangoni.

"Mama Neema, unaita roho ya nani?" mwenyekiti wetu akauliza.

"Siiti mtu. Nanukisha nyumba."

Nikampatia chai, akakimwagia kiazi. Ati nichague, moshi ama maombi.

Nikamwambia, "Si wale mamajusi walimletea mtoto Yesu ubani? Unadhani Mariamu aliumwagia chai?"

Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Kisha wote wakabeba mikoba, wakaenda.

Nikawasha kijiti kingine, nikaomba peke yangu. Mara ya kwanza tangu mazishi, sebule haikunuka hospitali.

Alhamisi ijayo maombi ni hapa hapa kwangu, na kiazi kitakuwa mezani. Nani anakuja? Nijibuni leo, nijue nipike chai ya watu wangapi.